Kiwanda cha Bi Chausiku

Watu wa Mtoni wakikwambia kwamba Bi Chausiku binti Pazi hakujua kuandika, usiwasadiki. Nilipanga chumba cha uani nyumbani kwake kwa miaka tisa, na mimi ni mtu niliyechapwa na mapadri wa Bukoba mpaka mwandiko wangu ukanyooka, kwa hiyo mwandiko nikiuona naujua. Wake ulikuwa wa miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka. Yeyote aliyekuwa na kanda la kufungia mizigo alilolisuka yeye angeweza kuligeuza, akatazama pale ukili, ule utepe uliosukwa, unapoishia, akasema bila wasiwasi kwamba hili ni la Chausiku. Nayasema haya mapema kwa sababu makosa nitakayoyasimulia ni yangu mimi, Gaudens, na yalianzia hapo, kwenye kujua kwangu kusoma.

Nilifika Dar es Salaam mwaka 1930, kijana wa miaka ishirini na mitatu, nikapata ukarani katika ofisi moja ya serikali iliyoshughulikia magendo ya bandarini. Vyumba vya Kariakoo vilikuwa vimejaa, na vichache vilivyobaki vilikuwa na kunguni wengi kuliko wapangaji. Mwenzangu mmoja wa ofisini akaniambia nijaribu Mtoni, nje kabisa kwenye barabara ya Kilwa, kama nina baiskeli na nina miguu. Vyote viwili nilikuwa navyo. Nilimkuta Bi Chausiku ameketi barazani, miguu ameinyoosha, ukili umemzunguka mapajani na miyaa mitatu ameibana mdomoni.

"Shikamoo, mama."

Akaitoa miyaa mdomoni. "Marahaba. Wewe si wa huku."

"Natoka Bukoba."

"Aa, wala ndizi." Akanitazama kutoka viatu hadi kofia. "Chumba kipo. Ila mie nguruwe hapiti mlango huu, wala pombe, wala wanawake wa kuja na kuondoka. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Haya, ingiza hiyo baiskeli, jua lisije likaipasua mipira."

Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye ulimi mkali na kicheko cha ghafla kilichomtoka hata msibani. Kila baada ya siku chache yeye na wanawake wenziwe walikwenda mpaka porini upande wa Chamazi kukata miyaa, wakarudi mizigo kichwani, wakaianika, wakaichana, wakaichemsha mingine na mizizi ya mdaa mpaka ikawa myeusi. Hapo ndipo kazi ya kusuka ilipoanza. Wengi walisuka mikeka. Yeye alipenda makanda, yale mapana ya kufungia tumbaku au tende au kamba wakavu, na wafanyabiashara waliyapenda kwa sababu yalikuwa hayapasuki. Nilipokuwa sina kazi nilikaa karibu naye nikitazama vidole vyake, ambavyo vilikwenda vyenyewe huku yeye akiongea mambo mengine kabisa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini kila kanda lake linaishia kwa mwaa mmoja mweusi uliorudishwa nyuma hatua tatu.

"Hilo jina langu," akasema. "Tabu wa nyumba ya pili, lake miyaa miwili myeupe. Marehemu mama yangu yeye alikuwa anakata kona. Sie hapa hatuibiani."

"Kwa hiyo unaandika."

"Sasa wewe ulidhani kuandika ni kwenu peke yenu?"

Akanieleza desturi yao. Alama ile haikuwa ya kujisifu. Kanda likipasuka kabla ya mwaka, mnunuzi alilileta Mtoni, wanawake wakaitazama alama, na mwenyewe akalipokea na kulishona upya bila kusema neno. Hakuna aliyeikana alama yake. Kilichowekwa ndani ya kanda kilikuwa shauri la mwenye mzigo, lakini kanda lenyewe lilikuwa shauri la mwenye alama mpaka mwisho. Nilivutiwa sana na jambo hilo, nikajiona nimejifunza kitu ambacho makarani wenzangu hawakijui.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuchekwa katika nyumba ile, nalo ni bangi. Kaka yake, Mwinshehe, alichukuliwa upagazi katika vita vya Wajerumani na Waingereza, na huko njiani wenzake wakamwambia kwamba akivuta, mzigo utakuwa mwepesi. Alirudi Mtoni bila mzigo, ila na kiko. Akauza milango ya nyumba ya baba yao, mmoja baada ya mwingine, mpaka nyumba ikabaki na mapazia ya magunia. Bi Chausiku alikuwa akimfuata huko vichakani walikovutia, akamshika mkono, akamrudisha nyumbani mbele za watu. Sidhani kama bangi ndiyo iliyomuua, maana vita vilimrudisha na mengi zaidi ya kiko, lakini dada yake hakutaka kusikia maelezo hayo. Mwinshehe alifariki akaacha watoto wawili wadogo, Salumu na Zuena, na Bi Chausiku akawalea kwa makanda.

Mwaka 1934 ikaja ofisini kwetu bahasha nene kutoka Adeni. Watu wa forodha wa huko walikuwa wamefungua makanda ya kamba wakavu yaliyoshushwa melini, wakakuta katikati ya kamba bangi iliyoshindiliwa vizuri. Wakati huo mataifa yalikuwa yamekwisha kutana Jeneva, yakakubaliana kwamba afyuni na mofini na kokeni, na bangi pia ikaongezwa, zisiwe zinapita mipakani kimyakimya. Nchi itakayokamata iiarifu nchi mzigo ulikotoka, na wote wapeleke habari kwa ofisi moja huko Ulaya, ambayo ingezikusanya na kuzichapa katika orodha kwa ajili ya bandari zote. Lilikuwa wazo zuri, na nasema hivyo hata leo. Mwuza magendo alikuwa anaruka kutoka nchi hadi nchi huku serikali zimesimama kila moja nyuma ya ua wake, zikichekwa.

Ila fomu yenyewe ilitungwa na watu waliozoea chupa na makopo. Swali moja lilitaka jina au alama ya mwenye kiwanda, kama inavyoonekana juu ya kifungashio. Kwa mofini ya Ulaya hakukuwa na ugumu wowote, maana chupa ina karatasi na karatasi ina jina, na jina hilo ni la yule aliyetengeneza kilichomo ndani. Watu wa Adeni hawakuona karatasi. Waliona kanda tu, na kwa kuwa walikuwa watu makini walikata kipande cha pale mwisho, wakakibana kwa pini kwenye fomu, wakatuomba tumalizie sisi.

Bwana Mkubwa wetu, Mwingereza mrefu asiye na makelele, alikigeuza kipande kile akakiweka. Makarani wanne wakakigeuza. Kikafika mezani kwangu. Mwaa mmoja mweusi, hatua tatu nyuma.

Nitasema kweli, nilifurahi. Ofisi nzima ilikuwa imekwama mbele ya kitu ambacho mimi nilikisoma kwa kutupa jicho. Fomu ilitaka alama, alama niliijua. Sikujiuliza hata kidogo kwamba huko ilikotungwa, alama ya juu ya mzigo ilikuwa na kazi nyingine kabisa na ile ya Mtoni. Nikapiga taipu, bila kosa hata la herufi: Chausiku binti Pazi, Mtoni, Dar es Salaam. Bwana Mkubwa akasoma, akanisifu kwa jina, akatia sahihi, na fomu ikaondoka na meli ya wiki ile. Siku hiyohiyo akatuma askari Mtoni.

Niliporudi nilimkuta Bi Chausiku hana ukili mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Wamekuja askari leo," akasema. "Wameniuliza makanda yangu nilimuuzia nani. Nikawaambia, Jabiri, yule muuza kamba wakavu. Wamekwenda kwake wamekuta kufuli. Watu wanasema kakimbilia Lindi."

"Kwani kuna nini?"

"Bangi, mwanangu. Ndani ya kanda langu! Mwinshehe angekuwa hai angecheka mpaka afe tena." Kisha akalia, akajifuta kwa upindo wa kanga. "Lakini nani kawaambia kwamba ni langu?"

"Labda waliulizauliza watu," nikamjibu.

Huo ulikuwa uwongo wangu, nami niliuacha ukae. Jabiri hakuonekana tena, askari hawakurudi, na mimi nikajiambia kwamba jambo limekwisha. Kwa miaka miwili nilikula wali wake wa Ijumaa nikiwa na uwongo ule tumboni.

Sasa, Bi Chausiku alikuwa na haja moja tu duniani. Alitaka kwenda Makka kabla ya kufa. Alikuwa ameiwekea nia tangu mumewe alipofariki, na makanda yote yale niliyomwona akiyasuka yalikuwa yanakwenda huko. Salumu alikuwa amekuwa mtu mzima, anafanya kazi bandarini, na kama mtoto wa kaka yake aliweza kumsindikiza kama sheria ya dini inavyotaka. Mwaka 1936, mwezi wa Rajabu, wakavaa nguo zao nzuri wakaenda mjini kuomba hati za safari. Salumu alipata yake. Bi Chausiku aliambiwa akae pembeni, kitabu kikafunguliwa, kikafungwa, akaambiwa kwamba jina lake limo katika orodha ya wenye viwanda vya dawa za kulevya na kwamba hataruhusiwa kupita bandari yoyote.

Alirudi nyumbani kwa miguu kutoka mjini, Salumu nyuma yake. Hakula. Akaniita.

"Karani, wewe unakaa na hayo mavitabu. Nenda kaniulizie. Kosa langu nini?"

Sikuwa na haja ya kwenda kuuliza. Asubuhi yake nilikitoa kitabu kile rafuni kwetu ofisini, kimefika kutoka Ulaya na karatasi zake bado zinanukia wino. Humo, katikati ya viwanda vyenye majina marefu ya Kizungu, vyenye mabomba ya moshi na wahasibu na maduka katika nchi nne, niliona Chausiku binti Pazi, Mtoni. Hawakukosea hata herufi moja. Nilikuwa nimepiga taipu vizuri.

Nikamwambia siku hiyohiyo, barazani, Salumu akisikia. Nikamweleza fomu, kipande cha kanda, pini, na namna nilivyofurahi. Sikujitetea, na ninashukuru walau kwa hilo. Salumu alisimama akataka kunipiga. Shangazi yake akamshika shati bila kumtazama.

"Nilikwambia jina langu," akaniambia taratibu, "nawe ukanitoa."

Kesho yake asubuhi nikamwamkia. Hakuitikia. Jioni vilevile. Siku kumi na moja nilipita mbele yake na shikamoo yangu, na siku kumi na moja aliiacha ianguke. Mtu wa pwani akikataa kukuitikia shikamoo, amekwisha kukufukuza hata kama mizigo yako bado imo ndani. Nilifunga sanduku langu mara mbili nikalifungua mara mbili, kwa sababu niliona kuondoka kungekuwa raha kwangu, si kwake. Zuena aliniletea chai mlangoni, akaiweka chini, akakimbia.

Siku ya kumi na mbili nikasema tena, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeandika wewe, futa wewe."

Nikaenda kwa Bwana Mkubwa nikamwambia yote. Alinisikiliza akiwa mwekundu mpaka masikioni, kwa sababu sahihi ya chini ilikuwa yake. Hakuwa mtu mbaya. Siku ile aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe kueleza kwamba kumetokea makosa. Majibu yalichukua miezi minne, yakauliza maswali. Tukajibu. Yakaja mengine. Nilizijua tarehe za meli kuliko nilivyozijua sikukuu zangu za dini. Msimu wa safari wa mwaka ule ukapita, mahujaji wa Temeke na Mtoni wakaenda bila yeye, na wakati wa kuwaaga alisimama nao barabarani, akawapa kila mmoja dua ya kumwombea kule. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sijapata kujichukia namna ile.

Mwaka uliofuata, katikati ya mwezi wa Shaabani, jibu la mwisho likaja. Bwana Mkubwa aliniita akanisomea polepole. Jina lililoingizwa kwa sahihi ya serikali haliwezi kutolewa, maana leo likitolewa la mama mmoja, kesho nchi nyingine itaomba matajiri wake watolewe. Hata hivyo, kanuni inaruhusu kuandika chini ya jina kwamba kiwanda kimefungwa, ikiwa mwenyewe atatoa hati mbele ya ofisa kuahidi kwamba hatatengeneza tena. Kikiandikwa hivyo, bandari hazina haja ya kumzuia.

"Najua ni upuuzi, Gaudens," akasema. "Lakini mlango ulioachwa wazi ni huo tu."

"Aahidi kuacha kusuka makanda?"

"Kiwanda walichokiandika wao ni hiyo alama ya makanda yake. Tukiandika makanda tu, watauliza kuhusu vikapu. Tukiandika vikapu, watauliza kuhusu mikeka. Andika yote, yaishe."

Nikaandika. Mimi, Chausiku binti Pazi wa Mtoni, nimefunga kiwanda changu, na sitasuka tena kanda, wala mkeka, wala kitu chochote cha miyaa, muda wote wa maisha yangu.

Akaja ofisini na Salumu. Bwana Mkubwa akampa kiti chake mwenyewe, akasimama dirishani. Nikamsomea ile hati kwa Kiswahili, mara mbili. Akaitazama mikono yake.

"Hao watu wa Jeneva," akasema mwishowe, "wanataka nini hasa?"

"Wanataka bangi na afyuni zisipite kutoka nchi hadi nchi, mama. Kila nchi imsaidie mwenzake kuzizuia."

"Hilo jema. Wangelianza mapema, kaka yangu angekuwa na milango." Akafikiri. "Na mie nikiacha kusuka, bangi itapungua?"

"Hapana."

"Wao wanalijua hilo?"

"Hawajui hata kanda ni nini, mama."

Akacheka kile kicheko chake cha ghafla, kifupi. Salumu hakucheka. Nikasogeza kidau cha wino, nikainama karibu na sikio lake, Bwana Mkubwa asisikie. "Mama, hii karatasi tu. Weka kidole, nenda Makka, ukirudi suka. Hakuna mtu atakayetoka Ulaya kuja Mtoni kukutazama."

Akasema Bismillahi kwa sauti, akanipa mkono. Nilikishika kidole gumba chake nikakikandamiza kwenye wino, kigumu, kina nyufa, na kilipogusa karatasi ilitokea alama nyeusi yenye mistari miwili myeupe, pale miyaa ilipomkata na kumkata tangu utotoni. Alikifuta kidole kwa kitambaa, akauliza hati ya safari inachukuliwa chumba gani.

Aliondoka na Salumu baada ya Ramadhani ya mwaka 1937, akarudi baada ya Idi kubwa, amekonda, uso umetulia. Mtoni yote ilitoka kumpokea kwa ngoma za matwari, na mimi Mkristo nilibeba mzigo wake kutoka bandarini nyuma ya baiskeli yangu. Tangu siku ile aliitwa Hajati. Aliniletea tasbihi, kisha akakumbuka, akasema si kitu, mpe mama yako awahesabie ng'ombe. Nilidhani mambo yetu yamekwisha kwa wema.

Kesho yake akamwita Tabu, jirani yake, akampa miyaa yote aliyokuwa nayo, iliyochanwa na isiyochanwa, na sufuria ya kuchemshia mdaa. Kusuka akaacha. Akawa anapika vitumbua asubuhi, na Salumu akileta chake. Mchana alikaa barazani palepale, miguu ameinyoosha, na vidole vikawa vinakunja upindo wa kanga, vinakunjua, vinakunja. Wanawake wakija kukaa naye na kili zao alizungumza nao, akacheka nao, hakugusa. Mimi nilimwambia mara mbili, mara tatu, kwamba ile hati haina mtu wa kuitazama. Alinijibu kwamba chai yangu inapoa.

Mwaka 1939, miezi michache kabla ya vita vingine, orodha mpya ikafika ofisini. Nikaitafuta herufi yake. Jina lilikuwapo palepale, na chini yake maneno mawili madogo: kiwanda kimefungwa. Nikageuza ukurasa. Nikageuza mwingine. Nilikipekua kitabu chote kile, viwanda vya nchi kubwa, majina yaliyokamatiwa mizigo Misri, Uchina, Amerika, mara tatu, mara tano, nikitafuta maneno yale mawili chini ya jina jingine lolote. Hayakuwapo. Nikakitia kitabu cha serikali kwapani bila ruhusa ya mtu, nikapanda baiskeli mchana wa jua kali, nikakanyaga mpaka Mtoni bila kupumzika.

Alikuwa barazani na Zuena, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, na aliyekuwa anasuka kanda lake la kwanza. Hajati alikaa pembeni yake, mikono ameizungushia kanga mpaka viganjani.

"Shikamoo, Hajati."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, nani kafa?"

Nikaketi, nikakifungua kitabu mapajani pake. "Tazama. Hawa wote ni matajiri, wana viwanda vya kweli, wanatengeneza sumu yenyewe. Mataifa yamewaandika humu miaka yote. Hakuna hata mmoja aliyefunga. Katika kitabu kizima umefunga wewe peke yako, na wewe hukuwa na kiwanda! Suka, mama. Nakuomba. Uwongo huu niliuandika mie, na mie nakwambia hauna uzito."

"Jina langu liko wapi?"

Nikamwonyesha. Akatoa mkono, akaligusa kidogo, akaurudisha ndani ya kanga.

"Jabiri kalitumia jina langu la miyaa," akasema, "sikuwa na la kufanya. Wewe ukalitia kwenye karatasi, sikuwapo. Lakini kidole nilikiweka mwenyewe, nikataja jina la Mungu, nikaenda mpaka nyumbani Kwake kwa kidole hicho. Sasa unataka nikamwambie nilikuwa natania?"

"Lakini hao wengine, mama..."

"Wana vidole vyao. Watajibu."

Zuena alikuwa ameacha kusuka ili atusikilize, akaanza tena kwa haraka, na kwa haraka ile akakosea, mwaa mmoja ukapita juu palipotakiwa upite chini. Mkono wa Hajati ukatoka kwenye kanga wenyewe, ukafika nusu ya njia, vidole vimekwisha kujikunja tayari. Ukasimama hewani. Akautazama, akaurudisha, akaukalia.

"Rudi nyuma, mwanangu," akamwambia Zuena. "Wa pili kutoka kushoto. Si huo. Huo hapo unaougusa. Ulegeze, usiuvute. Sasa upitishe chini."

Zuena akaupitisha chini. Mimi nikaanza kulia pale barazani, mtu mzima na kitabu cha serikali mapajani, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.